Kitanda cha Bi Opal

Ramani ziko saba, chini kabisa ya mahakama ya kaunti,
Tannersburg, Ohio, nyuma ya boila inayokohoa.
Nimeajiriwa kuzipiga picha, moja moja,
kabla panya hawajaimaliza kazi walioianza wanasiasa.
Zote zina jina moja: Eneo Bunge la Arobaini na Tatu.
Jina halikubadilika. Mwili ndio uliobadilika,
kama mtu aliyeugua, akapona, akaugua tena.

Ya kwanza ni mraba, leso iliyopigwa pasi.
Mto upande huu, reli upande ule,
katikati kiwanda cha ngozi cha Vandergrift
aliyekuwa mbunge, na mwajiri, na mwenye nyumba;
ukitaka kumnyima kura, kwanza tazama paa lako ni la nani.
Harufu ya kiwanda haikuwa na mipaka.

Ya pili, mraba umeota kidole.
Kimevuka reli kuwafuata wachonga mawe.

Ya tatu imepotea. Ndani ya bahasha mna risiti ya wino tu:
chupa mbili, mweusi, dola moja na senti kumi.

Ya nne naishika kwa glavu.
Mwaka ule Ernestine Lomax, mwalimu wa hesabu,
mwanamke mweusi, miwani ikining'inia kwa uzi shingoni,
alishinda kwa kura kumi na moja.
Kumi na moja! Alizirudia ubaoni, darasa zima likihesabu naye.
Akaipatia lami Barabara ya Quarry
na taa moja kwenye kona, inayowaka hadi leo.

Ndipo ikaja ya tano.
Sijui nani alishika rula. Hakuna saini.
Najua tu kwamba mkono haukutetemeka.
Eneo limejinyoosha kama utumbo wa mbuzi kwenye sinia:
limeuacha nje mtaa wa Lomax, limelikwepa kanisa lake,
limeteremka Quarry juu ya lami ileile aliyoileta,
na kufika namba 212 likakata kona,
likaingia kwa Bi Opal Szymanski
kupitia mlango wa jikoni, bila hodi.

Chumba cha kulala kikabaki Arobaini na Tatu.
Jiko likatupwa Arobaini na Nne,
alikotupwa Lomax pia, kwenye mahindi
na watu wasiomjua hata kwa sura.

Sheria, karani alimwambia mjane yule,
humhesabu mtu pale anapolala.
Bi Opal hakubishana.
Alirudi nyumbani, akakifungua kitanda skrubu kwa skrubu,
akakifunga upya baina ya friji na jiko la gesi.
Hati yake ya kiapo hii hapa, pini imeshika kutu:
"Nalala jikoni. Njooni mwone."
Walikuja. Wakapima kwa futi kamba.
Miguu yote minne ilikuwa upande wa Lomax.

Lomax alishindwa hata hivyo, kwa kura elfu mbili na ushei.
Kitanda kimoja si jeshi.
Lakini hata ramani ya sita ilipokuja
ikaiacha nyumba nzima upande mmoja,
Bi Opal hakukirudisha chumbani.
Alizoea, aliandika, harufu ya vitunguu.

Ya saba imechorwa na kompyuta. Haina alama ya kidole,
haina doa la kahawa. Mistari ni myembamba kama unywele,
na inajua nani anaabudu wapi, nani hununua nini Jumamosi.

Mimi niliapa uraia mwezi Machi.
Jana, saa ya chakula, nilijitafuta humo kwa kioo cha kukuzia:
nikaipita taa ya Lomax, nikaupita ua wa 212,
nikafika kwenye jengo letu, ghorofa ya pili,
na mstari ukapotea chini ya ukucha wangu.

Usiku nikamuuliza Faida
kama kitanda chetu kimefungwa kwa skrubu au misumari.
Akageukia ukutani.
"Lala," akasema, "kesho una kazi."